Kielezi Nilichokiacha

Barua ya daktari ilikuwa na sentensi sita. Nilizisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya wodi, nikaona nimezielewa zote. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma Kiingereza na isimu, na nyumbani kwetu Tanga mimi ndiye niliyekuwa mtu wa Kiingereza. Fomu za benki, karatasi za maelezo zinazokaa ndani ya boksi la dawa, masharti ya mikopo, vyote viliishia mikononi mwangu. Baba alikuwa ametolewa uvimbe shingoni na daktari bingwa mgeni aliyekuja nchini kwa wiki mbili. Kabla ya kuondoka alituachia barua, na sentensi mbili kati ya zile sita ndizo zilizonifanya niandike haya. Ya kwanza ilihusu uvimbe: "It may well recur." Ya pili ilimhusu baba: "He should probably be seen again within three months."

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema huenda ukarudi. Na labda baba aonwe tena ndani ya miezi mitatu."

Mama aliikunja barua mara mbili, akaitia kwenye pochi. "Huenda," alisema. "Labda. Basi tumshukuru Mungu, mwanangu, maana nilidhani atatuambia neno baya."

Tulirudi hospitali baada ya miezi minane.

Sikusema uongo pale koridoni. Ningepewa zile sentensi mbili kwenye mtihani wa tafsiri, nina hakika ningepata alama nzuri. "May" ni huenda, kila mtu anajua. "Probably" tuliandikiwa ubaoni kuwa ni labda. Lile neno dogo "well" nililiruka, kwa sababu nilijua kwamba pale halina maana ya "vizuri", na sikujua lina maana gani nyingine. Nilifanya wanavyofanya watafsiri wengi wanapokutana na neno dogo wasilolielewa katikati ya maneno makubwa wanayoyaelewa: nililiacha, na sentensi ikasimama vizuri tu bila hilo.

Hapo ndipo penye ubishi wangu na namna tunavyofundishwa uwezekano katika Kiingereza. Tunafundishwa vitenzi visaidizi, yaani "may", "might", "could", "must" na ndugu zao, kana kwamba ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Vielezi vinavyotembea navyo, kama "well", "possibly", "probably", "just" na "certainly", tunaachiwa kama pambo. Lakini mara nyingi kitenzi kinafungua mlango tu. Kielezi ndicho kinachokuambia kama kuna mtu anakuja.

Chukua mvua. Mtu akikuambia "It may rain", amesema mvua haijazuiwa kunyesha, basi. Unaweza kuendelea na shughuli zako. Akikuambia "It may well rain", unaanua nguo. Kitenzi ni kilekile, na lile "well" halijaleta habari mpya ya mawingu. Limekuambia kwamba msemaji anayo sababu ya kuitegemea mvua, na kwamba ikinyesha hatakuwa mtu wa kushangaa. Kiswahili kina maneno yanayolingana kabisa na hilo, nami nimeyasikia tangu utotoni: si ajabu. "Si ajabu ukarudi." Ningesema hivyo pale koridoni, mama angetafuta benchi la kukalia.

Sentensi ya pili ilinidanganya kwa njia nyingine. "He should probably be seen again" haikuwa na shaka yoyote kuhusu haja ya baba kuonwa. Lile "probably" halikupunguza ushauri, lilipunguza ukali wa sauti. Daktari alikuwa anaandika kama mtu mstaarabu anayewaandikia watu wazima: hawaamrishi, anawaonyesha njia. Nasi tunafanya hivyo kila siku. Mgeni akikaa mpaka saa nne usiku, na mwenye nyumba akasema "Naona usiku umeenda", hakuna anayedhani huo ni mjadala wa saa. Shangazi akimwambia kijana "Ungepita kumsalimia babu yako", kijana anajua kuwa asipopita kutakuwa na maneno. Watu wa pwani ndio mabingwa wa kulaza neno ili lisimchome anayeambiwa.

Kwa nini basi sikuusikia ustaarabu huo ulipoandikwa kwa Kiingereza? Nafikiri ni kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba Mzungu hana mafumbo. Mzungu, tunaambiana, akisema ndiyo ni ndiyo. Kwa imani hiyo tunasoma Kiingereza kama tunavyosoma risiti: kila neno lina thamani yake, jumlisha, pata jibu. "Probably" likitokea tunalichukua kuwa kipimo cha shaka, wala hatufikirii kwamba huenda ni adabu.

Darasani risiti hiyo huchorwa kama jedwali. Mimi nilichorewa kidato cha tatu: "must" asilimia 95, "may" 50, "might" 30. Mwalimu wangu hakulibuni wazo hilo. Kimoja cha vitabu mashuhuri vya kufundishia sarufi ya Kiingereza duniani, cha Mmarekani Betty Azar, kina mchoro unaofanana: "is" ni asilimia 100, "must" ni 95, na "may", "might" na "could" ni chini ya 50. Kama ngazi ya kuanzia, mchoro huo una faida. Unamwonyesha mwanafunzi kwamba "must" si amri tu, na kwamba kusema "He must be at home" ni kukiri kuwa hujamwona kwa macho. Anayejua kwa yakini husema tu "He is at home". Kwa Kiswahili ni vivyo hivyo: "Lazima watakuwa wameshafika" ni maneno ya mtu anayepiga hesabu ya safari, na "Wameshafika" ni ya mtu aliyepigiwa simu.

Kasoro yake inaonekana mara tu vielezi vinapoingia. Kama "may" ni 50, "may well" ni ngapi? Na "may possibly"? Mwanafunzi aliyezoea hisabati atadhani uwezekano mara uwezekano unatoa uwezekano mdogo zaidi, nusu ya nusu. Sivyo. Mwanaisimu M. A. K. Halliday, katika makala aliyoichapisha mwaka 1970, alionyesha kwamba kitenzi na kielezi vikiwa na uzito mmoja, kama "perhaps" na "may", haviongezani wala kupunguzana. Vinaunga mkono kauli moja, kama sauti mbili zinazoimba wimbo mmoja. Vikitofautiana uzito, hapo ndipo kila kimoja kinafanya kazi yake, kimoja juu ya kingine. Miaka saba baadaye John Lyons, katika kitabu chake *Semantics*, aliuita mwafaka huo wa kitenzi na kielezi kwa jina la harmonia. Nilipousoma uchambuzi huo chuoni nilikumbuka kalamu nyekundu iliyokuwa ikikata "Perhaps he may come" kwenye madaftari yetu, pembeni pameandikwa "marudio". Tulikuwa tumeandika Kiingereza sahihi. Tulikuwa pia tumesikiliza lugha yetu, ambamo mtu husema "labda huenda akaja" bila kuonekana amejirudia.

Angalia sasa "possibly" peke yake, maana ndilo neno linaloniumbua mpaka leo. "It might possibly help" ni matumaini hafifu, msemaji hataki umshike mkono kesho umdai. "It can't possibly help" ni kinyume chake: mlango umefungwa na ufunguo umetupwa baharini. Neno lilelile lililokuwa likinong'ona sasa linagonga meza. Kisha kuna "Could you possibly help?", ambalo halihusu uwezekano hata kidogo. Huyo anajua unaweza kumsaidia, anakuachia tu nafasi ya kukataa bila kuaibika. Kazi tatu, neno moja, na jedwali halina safu ya hata moja kati ya hizo.

Hata mahali linapokaa kwenye sentensi panabadilisha habari. "He possibly can't come" maana yake pengine kuna kitu kimemzuia. "He can't possibly come" maana yake hawezi kuja kwa vyovyote. Maneno ni yaleyale manne, mawili yamebadilishana viti. Na ndiyo maana Mwingereza husema "He probably won't come", kielezi mbele ya ukanushi, akituambia kwamba kutokuja ndiko anakokutarajia. Wengi wetu tunaandika "He won't probably come". Mkaguzi anasahihisha mpangilio na kupita, kama anayenyoosha kola ya shati, wala hatuambiwi mpangilio ule ulikuwa unasema nini.

Nilipoanza kuyafikiri haya nilitaka kuamini kwamba tatizo ni umbali wetu na lugha ya watu. Kama ningezaliwa nacho Kiingereza, nilijiambia, barua ile ingenifikia nzima. Kisha nikasoma kisa cha Sherman Kent, nikaacha kujifariji.

Kent alikuwa miongoni mwa wakuu wa wachambuzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwaka 1951 ofisi yake ilitoa taarifa kuhusu hatari ya Yugoslavia kuvamiwa na nchi za kambi ya Kisovieti, ikahitimisha kwamba uvamizi mwaka huo uchukuliwe kuwa "serious possibility". Afisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje akamuuliza Kent maneno hayo yana uzito gani. Kent akajibu kwamba yeye binafsi alikuwa na maana ya 65 kwa 35 kuelekea uvamizi. Afisa akashtuka, maana alikuwa ameyasoma kuwa ni kitu kidogo zaidi. Kent akarudi kuwauliza wenzake walioidhinisha taarifa ileile. Majibu yakaanzia 20 kwa 80 yakaishia 80 kwa 20. Wote walikuwa wasomi, karibu wote wamezaliwa na Kiingereza mdomoni, wamekaa meza moja wakikubaliana kuhusu maneno mawili, na kila mmoja ametoka na uwezekano wake mfukoni.

Ona pia ugomvi ulikuwa wapi. Hakuna aliyebishana kuhusu "possibility". Waligawanyika kwa sababu ya "serious", neno lililobandikwa ubavuni, binamu wa "well" yangu.

Mwaka 1964 Kent aliandika makala kuhusu mkasa huo, akapendekeza maneno yafungwe kwenye namba: "probable" iwe karibu 75, "almost certain" karibu 93, na kadhalika. Wenzake aliwagawa makundi mawili, wanahisabati na washairi. Wanahisabati walitaka kila neno liwe na kipimo chake. Washairi waliona lugha haifungiki hivyo. Kent mwenyewe alikuwa upande wa wanahisabati, na kwa kazi yake namwelewa. Anayeamua kuhusu vita hapaswi kuachiwa "huenda".

Baba naye angekaa upande huo. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa mnadi wa samaki, na mnadani hakuna labda. Kuna elfu kumi, kuna elfu kumi na mbili, kuna nani anaongeza. Siku tulipotoka hospitali na ile barua aliniuliza, "Kati ya mashua kumi zinazotoka, ngapi hazirudi?" Nilicheka, nikadhani anatania. Leo naona hilo ndilo swali bora lililoulizwa siku ile, na mimi mtu wa Kiingereza nililiacha, kama nilivyoliacha "well".

Hata hivyo siwezi kuwafuata wanahisabati mpaka mwisho, na sababu yangu ni historia ya maneno yenyewe. Maneno ya uhakika hayakai mahali pamoja. Tazama "labda" yetu. Asili yake ni Kiarabu, *la budda*, ambayo maana yake ni hapana budi, hakuna njia ya kukwepa. Shina hilohilo limetupa "sina budi", tunalolitumia kwa jambo la lazima. Ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja amebaki kuwa lazima, mwingine amekuwa huenda. Kiingereza nacho kina mwendo huohuo. "No doubt" kwa herufi zake ni "hakuna shaka", lakini mtu akikuambia "No doubt he'll call", jua kwamba anakisia. "Surely", linalotokana na neno la uhakika, leo mara nyingi ni maneno ya mtu anayeomba aungwe mkono: "Surely they've left by now?" Inaelekea tunapenda mno kuyatumia maneno ya yakini mahali pasipo na yakini, na yanachakaa kama noti zinazopita mikono mingi. Ukilipiga neno muhuri wa asilimia 93 leo, watumiaji watalishusha kabla muhuri haujakauka.

Kwa hiyo siombi jedwali kubwa zaidi. Ninachoomba darasani ni kazi ndogo na ngumu kuliko jedwali. Mwanafunzi apewe sentensi mbili zinazotofautiana kwa kielezi tu, kisha aulizwe: aliyesema hivi angefanya nini kesho? Angeanua nguo? Angekata tiketi? Na likitokea jambo kinyume na alivyosema, angeona aibu kiasi gani? Maana hapo ndipo kielezi kinapoishi. Kitenzi kisaidizi kinazungumzia dunia, kwamba jambo laweza kuwa. Kielezi mara nyingi kinamzungumzia msemaji: anaweka nini rehani, anamwogopa nani, anamwonea nani huruma. Anayefundishwa kimoja bila kingine ataweza kujibu mtihani, lakini asipewe barua ya kuwasomea wazazi wake.

Uvimbe ulirudi. Sijui ulianza mwezi gani. Mama ndiye aliyeuhisi kwa vidole, mwezi wa saba, alipokuwa akimnyoa baba ndevu, na mwezi mwingine ukapita tukitafuta fedha na nafasi ya kuonwa. Upasuaji wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, na mshipa wa fahamu wa sauti uliguswa. Baba alipona, lakini sauti yake imebaki kuwa mkwaruzo, kama redio iliyo kati ya stesheni mbili. Bado huenda mnadani alfajiri. Hukaa kwenye kigoda na daftari, akiandika bei anazoita kijana mwingine.

Mwaka mmoja baadaye nilipata anwani ya yule daktari, nikamwandikia barua pepe. Nilimweleza kilichotokea. Nilimuuliza kama kuwahi kungesaidia. Alijibu siku mbili baadaye, kwa upole, na katikati ya jibu lake palikuwa na hii: "An earlier visit might possibly have made a difference, but you couldn't possibly have known."

Niliisoma kama mchambuzi kabla ya kuisoma kama mtoto. "Possibly" mbili katika pumzi moja. Ya kwanza inanong'ona: kuwahi kungesaidia, pengine, kwa mbali, nami sitaki kuapa. Ya pili inagonga meza: usingeweza kujua, kwa vyovyote. Ya kwanza naiamini. Mtu aliyeukata uvimbe ule kwa mkono wake amenipa kipimo chake cha shaka, na "might" na "possibly" zimekubaliana. Ya pili si kweli. Ningeweza kujua. Ilikuwa imeandikwa, na yeye ndiye aliyeiandika, kwa herufi nne nilizoziruka. Nadhani naye alilijua hilo, na kielezi kile chenye nguvu alikitumia kama anayemtupia kanga mtu aliyelowana. Nikaona kwamba nilikosea mara ya kwanza kwa kudhani adabu ni habari, na kwamba sasa nilikuwa karibu kukosea tena kwa kuichukua adabu nyingine kuwa msamaha.

Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. "Anasemaje?" aliuliza, kama zamani.

Nilimsomea yote kwa Kiswahili, polepole, bila kuacha neno. Alisimamisha mkono juu ya mbuzi.

"Kwa hiyo si ajabu tungewahi ingesaidia?"

"Hapana, mama. Hakusema si ajabu. Amesema pengine, tena kwa mbali."

"Kwa mbali kiasi gani?"

"Hakusema."

"Na hilo la pili, kwamba usingejua?"

"Hilo amelisema kwa wema tu."

Mama alinitazama kidogo, hakusema kitu, akaendelea kukuna. Tarehe ya kliniki ya baba iliyofuata ilikuwa 14. Kwenye kadi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba mgonjwa "should ideally" afike mapema. Tulilala mji wa hospitali tangu tarehe 13.